Miaka Yangu na Dawa ya Ukungu, Kasulu

Mwaka 2014 nilipanda nyanya robo ekari katika bonde la mto Ruchugi, wilayani Kasulu, baada ya kupiga hesabu ambayo karibu kila mkulima wa nyanya mkoani Kigoma huipiga angalau mara moja maishani: kwamba nyanya za kiangazi hujaa sokoni hadi zinaozea kwenye matenga, ilhali zile za wakati wa mvua huadimika na bei yake hupanda. Sikujiuliza ni kwa nini huadimika. Nilidhani wenzangu ni wavivu wa kulima kwenye tope.

Miche ilishika vizuri. Niliihamishia shambani mwanzoni mwa Januari, na ilipofika mwisho wa Februari mimea ilikuwa imenifika kiunoni, imefungwa kwenye vijiti, na vichala vya chini vimebeba matunda ya kijani yenye ukubwa wa limau. Kisha yakaja manyunyu ya siku nne mfululizo, na kila asubuhi bonde lilifunikwa na ukungu uliokawia kuondoka hadi saa nne. Lugha yetu imeuita ukungu wa hewani na ukungu wa jani kwa jina moja, na siku hizi naamini kwamba wazee waliofanya hivyo hawakukosea, kwa sababu mmoja hufuata nyayo za mwenzake. Wakati ule lakini nilijifunika kanga nikakaa jikoni, nikishukuru kwamba mvua inanimwagilia shamba bure.

Siku ya tano niliposhuka bondeni nilikuta majani yana mabaka meusi yenye majimaji, kana kwamba mtu amepita usiku akiyamwagia maji ya moto. Nilipoligeuza jani moja niliona upande wa chini, pembezoni mwa baka, utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga wa muhogo. Nilikimbia mjini, nikanunua pakiti ya dawa ya ukungu, nikaipiga jioni hiyohiyo. Kesho yake nikaona mabaka yameongezeka, nikapiga tena kwa kipimo maradufu, jambo ambalo leo, mimi mwenyewe nikiwa muuza dawa, nikimwona mteja wangu analifanya humgombeza bila kumwonea haya. Hadi Jumamosi mashina yalikuwa yamekuwa ya kahawia, matunda yana madoa magumu yenye mafuta, na shamba zima linanuka kama majani yaliyochemshwa yakasahauliwa sufuriani.

Bwana shamba wa kata alifika akiwa na pikipiki yake, akaniamkia kwa adabu, akachuma jani, akalitazama juu na chini. Alisema, "Mama, hii ni bakajani chelewa. Dawa uliyopiga haina kosa, ila umempigia mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Hii ulitakiwa uipige kabla ya manyunyu." Nilimjibu kwa hasira kidogo kwamba kabla ya manyunyu hakukuwa na ugonjwa wa kutibu. Alicheka, akasema kwamba ndiyo sababu hasa. Nilivuna matenga mawili ya nyanya mbichi, nikayauza kwa bei isiyofidia hata kamba za kufungia.

Ilinichukua muda kulielewa jibu lake. Lilinikaa vizuri nilipoanza kuuza dukani, katika duka la pembejeo la ndugu wa mume wangu, baada ya kuhudhuria mafunzo ya wauza viuatilifu. Kimelea cha bakajani chelewa husafiri kwa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita spora, vinavyopeperushwa na upepo kutoka shamba moja hadi lingine na kutua juu ya jani. Kikitua kwenye jani kavu hakina madhara, na hufa baada ya muda. Kikitua kwenye jani lililolowa na likabaki limelowa kwa saa kadhaa, huota, hutoboa ngozi ya jani na kuingia ndani, na huko hujilisha kimyakimya kwa siku tatu, nne, tano, jani likiendelea kuonekana zima. Baka ninaloliona leo ni habari ya juma lililopita, na ule utando mweupe wa chini ya jani ni kizazi kipya cha vijimbegu kilicho tayari kuondoka kwenda kwa jirani. Ugonjwa huuhuu ndio uliofagia viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, ukaleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, na wakulima wa kule nao walisimulia kwamba mashamba yalikuwa ya kijani jioni yakawa meusi baada ya siku chache. Nilipolisoma hilo niliona haya kidogo kwa kumlaumu jirani yangu mpakani, ambaye nilikuwa nimemshuku kwamba ameniroga.

Nyingi kati ya dawa tunazouza, hasa zile za mankozebu na za shaba, hazina uwezo wowote wa kumfuata kimelea aliyekwisha kuingia ndani ya jani. Hukaa juu ya ngozi ya jani kama walinzi waliopangwa ukutani, na kijimbegu kinapojaribu kuota juu ya dawa, hufa kabla ya kutoboa. Ndiyo maana tunaziita dawa za mguso. Mvua kubwa huziosha, na jani jipya lililochipua baada ya kupiga dawa halina kitu juu yake, kwa hiyo mkulima wa masika hulazimika kurudia kila baada ya siku saba hivi, wakati mkulima wa kiangazi anaweza kungoja hadi wiki mbili. Halafu ziko zinazopenya, kama metalaksili, ambazo huingia ndani na kupanda pamoja na maji ya mmea kuelekea majani ya juu, na hizi zina uwezo fulani wa kumkamata kimelea aliyeingia siku moja au mbili zilizopita. Hapo ndipo wateja wangu wengi husikia neno "tiba" na kuacha kusikiliza kinachofuata. Jani lililokufa halifufuki kwa dawa ya aina yoyote, iwe ya mguso au ya kupenya.

Elimu kubwa zaidi juu ya kinga sikuipata dukani wala kwenye mafunzo. Niliipata kwa baba mkwe wangu, aliyekuwa na mibuni upande wa Buhigwe. Mzee yule hakuamini pakiti. Aliamini mrututu. Kila mwaka, kabla mvua hazijakolea na punje za kahawa zikiwa bado laini, alichukua kilo moja ya mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu kali, akaiyeyusha kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati huliwa na mrututu hadi ikatoboka. Katika pipa alikoroga chokaa kilo moja na maji mengi, akamimina maji ya mrututu humo polepole huku akikoroga kwa mti, hadi mchanganyiko wote ukafika lita mia moja na kuwa na rangi ya anga la asubuhi. Kisha alichukua kisu kilichonolewa, akakitumbukiza kwa dakika moja, akakitoa na kukiangalia juani. Kisu kikirudi na wekundu wa shaba juu ya makali, chokaa ilikuwa haijatosha na dawa ingeunguza majani, kwa hiyo aliongeza chokaa na kupima upya. Kikirudi cheupe kama kilivyoingia, alisema, "Haya mama, jaza bomba," na ilikuwa lazima tuimalize siku ileile kwa sababu haifai kulala.

Aliogopa ugonjwa mmoja tu, chulebuni, unaoshambulia punje changa na kuzifanya ziwe nyeusi na kupukutika. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922. Mzee hakujua mwaka huo, wala hakuhitaji kuujua. Alichojua ni kwamba punje ikipata shaba kabla ya mvua hupona, na ikipata baada ya mvua haiponi, na jambo hilo alilisema kwa Kiha kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa.

Mchanganyiko wa mzee nilikuja kujua baadaye kwamba una historia inayochekesha. Mwaka 1882, katika eneo la Médoc nchini Ufaransa, mtaalamu wa mimea aitwaye Millardet alikuwa akipita kando ya mashamba ya mizabibu wakati ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, umeikausha mizabibu mingi, akaona kwamba mistari iliyo kando ya barabara bado ina majani. Alipouliza, aliambiwa kwamba mistari hiyo imepakwa mrututu na chokaa ili wapita njia waione imechafuka na wasiibe zabibu. Hawakuwa na nia ya kuua ukungu. Walifanya kama sisi tunavyopaka mavi ya ng'ombe kwenye miche ili mbuzi aichukie. Millardet alifanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza matokeo, na mchanganyiko ule ukaitwa kwa jina la mji wa Bordeaux, ukatumika duniani kote hadi ukamfikia baba mkwe wangu.

Tangu Millardet hadi leo shaba haijachoka, na mankozebu nayo, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, bado inafanya kazi, kwa sababu kila moja humpiga kimelea sehemu nyingi za mwili wake kwa wakati mmoja na hana namna ya kuzikinga zote. Metalaksili ni tofauti. Hulenga sehemu moja tu, na kimelea mmoja kati ya mamilioni akizaliwa na tofauti ndogo katika sehemu hiyo, dawa humpita, na wiki chache baadaye shamba lote ni la wajukuu wake. Dawa hiyo ilitoka mwaka 1977, na kufikia mwaka 1980 wakulima wa viazi wa Ayalandi na Uholanzi walikuwa tayari wanaipiga bila mafanikio. Kwa sababu hiyo pakiti nyingi za metalaksili tunazouza huwa zimechanganywa na mankozebu, na kwa sababu hiyohiyo ninapomwona mteja anachukua pakiti ileile kwa mara ya nne mfululizo humshauri achukue ya kundi lingine. Wengi hudhani nataka kuwauzia iliyokaa rafuni muda mrefu. Siwalaumu, maana wauzaji wa namna hiyo wapo.

Kuna jambo lingine kuhusu metalaksili ambalo lilinishangaza. Kimelea cha bakajani chelewa si kuvu halisi, ingawa kinafanana nayo kwa kila kitu mkulima anachokiona. Kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani wa majini, na metalaksili huua ukoo huo tu. Mkulima mwenye bakajani tangulia, yaani ile yenye madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara kama pete, ambayo huanzia majani ya chini yaliyozeeka, akinunua metalaksili peke yake atakuwa amenunua maji ya bei kubwa. Kwa hiyo sikubali tena mteja aniambie "nipe dawa ya nyanya". Humwomba aniletee jani.

Siku moja kijana mmoja wa Heru Juu aliniletea mche mzima. Majani yake hayakuwa na baka hata moja, ila yote yalikuwa yamelegea kama sikio la mbuzi, na aliniambia kwamba amekwisha kupiga dawa ya ukungu mara tatu. Nilichukua bilauri ya kioo, nikajaza maji safi, nikakata shina karibu na mzizi kwa wembe, nikalining'iniza ili ncha iliyokatwa iguse maji, nikamwambia tusimame kimya tusitikise meza. Baada ya dakika mbili hivi uzi mweupe kama wa maziwa ulianza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, ulionyooka, hadi chini ya bilauri. Kijana aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Ule uzi ni bakteria wa mnyauko, na hakuna dawa ya ukungu inayowagusa. Nilimwambia ang'oe mimea iliyougua pamoja na udongo wa mizizi yake, asipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi mviringo hapo kwa misimu kadhaa, apande mahindi. Aliondoka bila kununua kitu, na mwenye duka alininunia hadi jioni. Kijana yule yule sasa hununua kwangu kila kitu.

Kwenye migomba nako hali ni hiyohiyo, ingawa mnyauko fuzari ni kuvu hasa. Kuvu hiyo huishi udongoni kwa miaka mingi na huingilia mizizini, mahali ambapo bomba la mgongoni halifiki, na hakuna cha kupiga. Tumaini la mkulima ni mbegu safi na aina zinazostahimili.

Shemeji yangu ni fundi seremala, na kwa miaka mingi alinitania kwamba mimi nauza dawa za majani wakati yeye mbao zake zinaoza bila daktari. Alikuwa na sababu. Alinunua mbao za paini zikiwa bado mbichi, akazipanga bandani bila kuziwekea vijiti katikati, na baada ya mwezi zilikuwa na michirizi ya buluu na kijivu hadi ndani. Michirizi ile ni kuvu inayokula sukari iliyobaki katika mti mbichi. Huharibu sura kuliko nguvu, lakini mteja wa kitanda hanunui nguvu asiyoiona. Nilimpa ushauri usioniletea hata senti: apange mbao juu ya magogo, aweke vijiti kati ya tabaka na tabaka, upepo upite. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 kuvu haiwezi kuila, kwa hiyo kabati lililo ndani ya nyumba isiyovuja halihitaji dawa ya ukungu. Inayohitaji ni ile inayochomekwa ardhini. Zile nguzo za umeme zenye rangi ya kijanikijani zimeshindiliwa kwa mgandamizo dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, iliyobuniwa na mtaalamu wa Kihindi, Sonti Kamesan, mwaka 1933. Shaba huzuia kuvu, aseniki huzuia wadudu, na kromiamu huzishikilia ndani ya mti zisioshwe na mvua. Shemeji aliposikia kwamba ni shaba ileile ya mrututu wa baba yake, alinyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra. Vipande vya nguzo kama hizo visipikiwe hata siku moja, kwa sababu aseniki haiungui ikaisha. Hubaki majivuni na kutoka na moshi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupiga mankozebu mikono mitupu, nikapata vipele vya kuwasha kuanzia viganjani hadi viwikoni, na tangu hapo sikuuzi pakiti bila kukuuliza habari ya glavu. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutohuisha kibali cha mankozebu kwa sababu za kiafya. Hapa kwetu bado tunaiuza, na ninaiuza nikijua hivyo, nikisisitiza siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Mteja niliyekataa kabisa kumhudumia alikuja mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa hazijakatika. Alikuwa baba wa makamo, mpole, na alikuwa na magunia saba ya mahindi yaliyovunwa yakiwa bado na unyevu, yakaanza kutoa harufu ya uvundo. Alitaka nusu kilo ya mankozebu ayachanganye nayo, kama anavyochanganya dawa ya unga kwa ajili ya dumuzi. Nilimwambia, "Baba, hii ni ya majani shambani, haiwekwi kwenye chakula. Hata ile ya dumuzi haizuii ukungu." Nilimweleza habari ya sumukuvu, sumu inayoachwa na kuvu kwenye punje, isiyoondoka kwa kusonga ugali wala kwa kuchemsha, inayoharibu ini, na ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Aliniuliza sasa afanye nini, akiwa ameshika kofia mikononi. Nilimwambia magunia yaliyokwisha kuota ukungu asiyale wala asimpe kuku, na yaliyosalia ayatoe yote leo juu ya turubai, yasiguse ardhi, ayageuze mara kwa mara, ayafunike manyunyu yakija. Akauliza atajuaje kwamba yamekauka, kwa kuwa kinywani mwake hayakubaki magego ya kung'atia punje.

Nilichukua chupa ya soda iliyokauka vizuri, nikaijaza punje zake hadi theluthi, nikatia vijiko viwili vya chumvi kavu, nikaiziba na kuitikisa kwa dakika kadhaa, kisha tukaiacha kaunta robo saa tukizungumza habari za watoto. Tulipoiinua, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote kama jasho, maana punje zilikuwa bado na unyevu. Nilimpa chupa hiyo aende nayo, pamoja na chumvi kidogo katika karatasi.

Alirudi siku ya sita, jua likiwaka. Aliweka chupa juu ya kaunta bila kusema neno, akaitikisa mbele yangu, akaigeuza juu chini. Chumvi yote ilishuka, na kioo kikabaki kitupu.